Kuchagua vifaa vya kufungua mtutu wa bunduki ya komeo

Mtutu wa bunduki nyingi za kuwindia umefungwa kwenye risiva, ule mwili wa chuma unaoupokea mtutu kwa nyuma, kwa hesi, kama boliti kubwa yenye tundu katikati. Hesi zenyewe mara nyingi si tatizo. Kinachoufanya mtutu ugome ni bega lake, ule ukingo ulio mbele ya hesi, kubanwa kwa nguvu kiwandani dhidi ya uso wa risiva, kisha miaka ya joto, mafuta yaliyoganda na, kwa sisi wa pwani, kutu inayoletwa na upepo wa chumvi. Kuufungua kunahitaji vifaa viwili tu: jiliwa la kuushika mtutu usizunguke, na spana ya kuizungusha risiva. Ukikosea jiliwa, mtutu utateleza na kuchubuka. Ukikosea spana, risiva itapinda, na risiva iliyopinda hainyooshwi. Kwa hiyo pesa na umakini wako viende zaidi kwenye spana.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Silaha nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki ya mteja haitembezwi mitaani kutafuta fundi wa kukereza kifaa. Vifaa vinaweza kutengenezwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au kwa wakerezaji wa eneo la SIDO Vingunguti, lakini unachowapelekea ni vipimo na mchoro. Bunduki inabaki pale inaporuhusiwa kuwa.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kile chuma kinachoingia na kutoka nyuma ya chemba, yaani tundu la mtutu ambamo risasi hukaa, tutakiita komeo, ili kisichanganywe na boliti za kukazia jiliwa, ambazo zitatajwa mara nyingi.

Anza kwa kujua mtutu umefungwaje

Usinunue chochote kabla ya kujua hili, kwa sababu kuna bunduki ambazo spana ya risiva haina kazi kwake.

Kundi kubwa ni mitutu inayokazwa kwa hesi hadi igote: Mauser 98 na ndugu zake, Winchester 70, Remington 700, CZ 550, Brno ZKK. Hizi ndizo zinazohitaji jiliwa na spana vyote viwili.

Kundi la pili ni mitutu inayoshikwa na nati. Savage 110 ndiyo inayojulikana zaidi: nati imekaa kwenye mtutu mbele ya risiva, na ndiyo inayobana. Hapa unahitaji spana ya nati hiyo. Nati za zamani zina mifereji pembeni ya kushikia, na spana yake ina meno yanayoingia kwenye mifereji hiyo. Nyingine ni laini kabisa, na zinahitaji spana ya kubana pande zote. Ukinunua ya meno kwa nati laini, umenunua chuma cha kukalia mezani. Nati ikishalegea, mtutu wenyewe kwa kawaida hutoka kwa nguvu ndogo.

Kundi la tatu ni bunduki nyingi ndogo za .22, ambazo mtutu umesukumwa ndani ya risiva bila hesi na kufungwa kwa pini za kupita. Ukiweka spana hapo na kuvuta, utakata pini na kuharibu tundu. Tafuta vichwa vya pini chini ya risiva baada ya kutoa kitako. Ukiviona, weka spana chini. Hapo kazi ni ya kutoa pini kwanza, kisha kusukuma kwa presi.

Jiliwa la mtutu

Jiliwa la kawaida la benchi halifai, hata likiwa kubwa kiasi gani. Meno yake hushika mtutu kwenye mistari miwili tu. Ukilikaza vya kutosha kuzuia mtutu usizunguke, utauumiza, na ukilikaza kwa huruma, utazunguka. Jiliwa la mtutu ni vipande viwili vizito vya chuma, chini na juu, vinavyovutwa pamoja na boliti, na katikati yake kuna vishikio vinavyoukumbatia mtutu mzunguko mzima. Kukumbatia huko ndiko kunakofanya kazi.

Ukitengenezesha hapa mjini, chuma laini cha unene wa milimita 40 hadi 50 kinatosha. Boliti ziwe M16 (kipenyo cha milimita 16) za daraja 8.8 angalau, mbili zikiwa karibu sana na mtutu, au nne za M12. Kadiri boliti zilivyo mbali na mtutu ndivyo kipande cha juu kinavyopinda badala ya kubana, na hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kwenye majiliwa ya kienyeji: chuma kizito, boliti nene, lakini nafasi kati yake ni ya kupitisha ngumi. Soma alama kichwani mwa boliti. Boliti isiyo na namba yoyote usiiamini, hata muuzaji wa Kariakoo akikuapia. M16 ya 8.8 inapaswa kukubali kukazwa hadi karibu Nm (nyutoni-mita) 190 bila kurefuka. Ile ya bei ya chini itaanza kunyooka ukiwa bado katikati ya kazi.

Vishikio ndivyo vya kufikiria kwa muda mrefu zaidi. Uchaguzi uko hivi.

Alumini ndiyo ya kuanzia kwa kazi nyingi. Ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo haiuchubui, na ina nguvu ya kutosha kubanwa. Shaba ya njano inafanya kazi vilevile lakini ni ghali, na huacha rangi yake kwenye chuma. Mbao ngumu kama mninga au mvule hufaa kwa mtutu wa kawaida usiogoma sana, na faida yake ni kwamba unaweza kuzitoboa mwenyewe. Kata mbao ili nyuzi zake zielekee kwenye mtutu na si sambamba nao, la sivyo zitapasuka. Mpingo tunauepuka: ni mgumu, unateleza na hupasuka ghafla. Plastiki ngumu na nailoni hufaa kwa kufunga tu. Kwa kufungua mtutu uliokaa miaka thelathini, zitateleza.

Mtutu wa kuwindia mara chache huwa na unene mmoja. Karibu na risiva kuna sehemu fupi ya mviringo sawa, kisha huanza kupungua kuelekea mdomoni. Pima kwa kalipa ya vernia sehemu mbili zilizoachana milimita 25. Tofauti ikiwa chini ya milimita 0.1, kishikio chenye tundu lililonyooka kitatosha. Ikiwa zaidi, mkerezaji lazima akereze tundu kwa mteremko uleule. Kishikio kilichonyooka kwenye mtutu unaopungua hubana upande mmoja tu, na upande huo ndio unaobaki na alama.

Mpe mkerezaji maelekezo haya: vipande viwili vya alumini viunganishwe vikiwa na karatasi ngumu ya milimita 1 katikati, kisha tundu likerezwe kwa kipenyo kilekile cha mtutu. Karatasi ikitolewa, vipande vinabaki na nafasi ya milimita 1, na nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kubana. Bila nafasi hiyo vipande hugusana vyenyewe kwa vyenyewe na mtutu unabaki huru ndani, hata ukaze boliti hadi zikatike. Urefu wa kishikio usipungue milimita 50.

Kitu kidogo kinachobadilisha kila kitu ni unga wa rozini, ule utomvu mkavu wa msonobari ambao mafundi redio hutumia wakati wa kulehemu kwa madini ya risasi. Unapatikana Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Saga kipande kidogo, paka ndani ya vishikio, na mtutu ambao ungeteleza utashikwa. Kama rangi ya bluu-nyeusi ya mtutu ni ya kulindwa, zungushia karatasi nyembamba mzunguko mmoja kisha rozini. Usitumie kitambaa, kinateleza.

Spana ya risiva

Kuna mbili: ya nje, inayoibana risiva kwenye pete yake ya mbele, ile sehemu inayoingia mtutu, na ya ndani, inayoingizwa kutoka nyuma kupitia njia ya komeo na kichwa chake kushika mifereji ambamo masikio ya komeo, yale meno yanayolifunga, hupita.

Kanuni ya kuchagua ni umbo la chini la risiva.

Risiva yenye tumbo bapa, kama Mauser 98, Winchester 70 na CZ 550, inataka spana ya nje. Ubapa ule ni zawadi: kipande cha chini cha spana hukaa juu yake kama funguo kwenye kufuli na hakiwezi kuzunguka. Kipande cha juu ni cha kukandamiza tu, na kinapaswa kuwa na upinde unaolingana na pete. Mauser 98 zenyewe si sawa zote. Pete kubwa ina kipenyo cha karibu milimita 35.8, pete ndogo karibu milimita 33. Spana ya pete kubwa kwenye risiva ya pete ndogo itagusa katikati tu na kuacha mkwaruzo. Pima kabla ya kuagiza.

Kwa CZ 550 na Brno ZKK kuna tahadhari ambayo wengi huisahau. Juu ya risiva zake kumechongwa reli za milimita 19 za kufungia darubini. Kipande cha juu cha spana kikikaa juu ya kingo za reli hizo, kitaziponda, na darubini haitakaa sawa tena. Kwenye bunduki hizi kipande cha juu kichongwe ili kikalie katikati ya paa la risiva au mabega yake, kamwe si kingo za reli. Bunduki hizi za risasi za ukubwa wa .375 H&H na .416 Rigby ziko nyingi mikononi mwa wawindaji wa kanda yetu, kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kutengenezesha spana moja tu, anza na hii.

Risiva ya mviringo kama ya Remington 700 haina ubapa wa kushikia. Hapa spana ya ndani ndiyo bora kwa kazi ya kawaida: haigusi nje kabisa, na nguvu yake inafanya kazi palepale mbele penye hesi, si nyuma. Udhaifu wake ni kwamba kama mtutu umegoma sana, nguvu yote inabebwa na kuta za mifereji ya komeo. Kuta hizo zikibonyea, komeo litakwama milele. Kwa hiyo kwa mtutu mgumu, hata kwenye Remington 700, rudi kwenye spana ya nje ya kukumbatia pande zote, yenye kishikio cha alumini na rozini.

Mpini uwe wa sentimita 60 angalau, na mita 1 ni bora. Nguvu ya mtu anayevuta kilo 40 kwenye mpini wa mita 1 ni karibu Nm 390, na mitutu mingi hulegea kabla ya hapo. Usiongeze bomba la mita mbili. Ukifikia hapo, tatizo si urefu wa mpini.

Vitu viwili visitumike kabisa. Spana ya bomba itang'ata risiva na kuacha makovu yasiyofutika. Na nondo iliyopitishwa kwenye uwazi wa magazini ni mbaya zaidi. Sehemu hiyo ya risiva ni reli mbili nyembamba tu, na nguvu ikipita hapo, risiva inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Haitaonekana kwa macho, lakini komeo litaanza kukwaruza.

Spana za kununua zipo. Brownells na Wheeler wa Marekani wanazo za vichwa mbalimbali. Kabla ya kuagiza, linganisha kichwa na vipimo vya risiva yako mwenyewe, si na jina la bunduki tu.

Kufungua

1. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, kwa macho na kwa kidole. Toa komeo, kitako, darubini, mfumo wa kifyatulio na kizuizi cha komeo. Kifyatulio kilichoachwa ndani huvunjwa na spana ya ndani.

2. Chora alama nyembamba inayopita kwenye mtutu na risiva, upande wa chini utakaofichwa na kitako. Kama mtutu utarudishwa, alama hii ndiyo itakayokuambia kwamba kilengeo cha mbele kimesimama sawa juu.

3. Weka mafuta ya kupenya kwenye muungano. Kisha isimamishe bunduki mdomo chini na udondoshe mafuta ndani ya pete ya risiva, yatuame kuzunguka ncha ya nyuma ya mtutu na kuingia kwenye hesi kutoka ndani. Acha usiku mzima. Kwa bunduki iliyokaa pwani bila kufunguliwa kwa miaka mingi, siku tatu si nyingi.

4. Futa mtutu kwa petroli au spiriti pale utakaposhikwa na jiliwa. Tone moja la mafuta hapo linaharibu kazi ya rozini yote.

5. Funga jiliwa karibu na risiva kadiri unavyoweza, ukiacha sentimita 2 hadi 3 tu za kupitisha spana. Ukishika mbali, mtutu utajisokota kabla hesi hazijalegea. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, ili nafasi kati ya vipande ibaki sawa pande zote.

6. Jiliwa lenyewe lifungwe kwenye kitu kisichotingishika. Meza ya mbao haitoshi hata ikiwa nzito. Boliti zipite hadi kwenye nguzo ya chuma au zege.

7. Weka spana kwenye pete ya mbele. Ukiwa nyuma ya risiva ukitazama kuelekea mdomo wa mtutu, izungushe risiva kinyume cha mshale wa saa. Bunduki zilizotajwa hapa zote zina hesi za kulia.

8. Vuta kwa nguvu thabiti. Isipotikisika, piga mpini kwa nyundo nzito ya mpira au ya madini ya risasi, mshindo mmoja mkali. Mshindo huvunja kile kinachoshikilia bega vizuri kuliko kuvuta kwa muda mrefu, na hausokoti chuma sana.

Kwenye Remington 700, jiandae kukipokea kibamba cha msukumo. Kimebanwa kati ya bega la mtutu na risiva kama washa nene, na mtutu ukilegea huanguka. Kikirudishwa, lazima kikae katikati na kimesimama wima, na kuna kifaa maalumu cha kukishikilia wakati wa kukaza. Ukifungua Remington 700 na kurudisha, kifaa hicho si cha hiari.

Ukigoma

Kwanza angalia kinachotembea. Weka alama ya kalamu kwenye mtutu na jiliwa. Ikiwa mtutu unazunguka ndani ya jiliwa, usilaumu hesi. Safisha upya, ongeza rozini, pima kama vipande vya kishikio vimegusana.

Joto linasaidia pale gundi ya hesi ilipotumika, kwa kuwa gundi nyingi za aina hiyo huanza kulegea karibu nyuzi 150 za Selsiasi, na zile ngumu huhitaji zaidi. Tumia bunduki ya hewa moto ya kukaushia rangi, usitumie moto wa gesi. Pete ya risiva ndiyo inayobeba masikio ya komeo, na chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani. Usivuke nyuzi 200. Chuma safi kikianza kugeuka rangi ya majani makavu, tayari uko karibu nyuzi 220 na umevuka mpaka. Risiva za Mauser ambazo ugumu wake uko kwenye ngozi ya juu tu ndizo za kuogopa zaidi.

Kama mtutu unatupwa, kuna njia salama kuliko zote: kukereza mfereji wa milimita 1.5 kwenye mtutu, mbele kidogo ya uso wa risiva bila kuugusa, hadi karibu na kipenyo cha hesi. Bega likishaondolewa nguvu, mtutu hutoka kwa urahisi wa kushangaza. Lakini kwenye Mauser 98 usitarajie muujiza huo wote: mtutu wake hugota hasa kwenye pete ya ndani ya risiva, mbele ya komeo, na mfereji wa nje hauifikii.

Bunduki zilizojengwa kwenye risiva za zamani za Enfield P14 na M1917 zinahitaji mfereji huo kabla hata ya kujaribu spana. Mitutu yake mingi ilikazwa kupita kiasi kiwandani, na risiva za M1917 zilizotengenezwa Eddystone zinajulikana kwa kupasuka wakati wa kufunguliwa.

Baada ya mtutu kutoka

Kagua pete ya risiva kabla ya kufurahi. Ipake mafuta ya taa, acha dakika 15 hadi 20, futa ikauke, kisha nyunyizia unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Mstari ukionekana, bunduki hiyo isifyatuliwe tena.

Safisha hesi kwa brashi ya shaba na upake mafuta siku hiyohiyo. Hapa Dar es Salaam, chuma kilichofutwa petroli kikiachwa wazi usiku mmoja wa masika, asubuhi kina kutu.

Mtutu ukirudishwa au ukiwekwa mpya, mafundi wengi hukaza kati ya Nm 70 na 135, hesi zikiwa na grisi kidogo ya molibdeni ili atakayefungua baadaye asiteseke. Kisha pima nafasi ya chemba kwa vipimo viwili vya risasi husika, komeo likiwa limetolewa spiringi na kingoe cha ganda: kipimo cha kwanza lazima komeo lifunge juu yake bila kulazimishwa, cha pili lazima likatae kufunga. Kwa .375 H&H hakikisha vipimo ni vya kupima kwenye mkanda wa ganda, kwa kuwa hapo ndipo risasi hiyo inapokaa. Komeo likifunga kwenye kipimo cha pili, bega litengenezwe upya kwa mkerezaji, na bunduki isitoke karakana.